Semina ya Hisabati Nayo ni Kazi: Mlango Ufunguliwe



Yako maneno yanayosemwa mara kwa mara katika mikutano yetu, viwandani na mashambani, na sisi tunaona afadhali yajibiwe waziwazi kuliko kuachwa yakizunguka chini chini. Maneno yenyewe ni haya: kwamba pale Chuo Kikuu kuna watu wanaolipwa kwa kodi zetu ambao, badala ya kutengeneza dawa au kujenga daraja, hujifungia chumbani saa nzima wakitazama ubao uliojaa herufi na namba, wakibishana juu ya vitu visivyoshikika wala visivyolika. Tena kubishana huko wanakuita semina, na wanataka kuhesabiwe kuwa ni kazi.

Mwenye kusema hivi si mjinga. Ni mtu aliyekatwa kodi katika mshahara mdogo, na anayo haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kuhukumu kabla ya kusikia jibu ni jambo jingine. Sisi tumelitazama jambo hili, na msimamo wetu ni huu: semina ya hisabati ni kazi halali, ni kazi ambayo nchi maskini inaimudu, vyama vya wafanyakazi vina wajibu wa kuitetea, na Chuo kwa upande wake kina wajibu wa kuifungua ili nasi tuingie. Hebu tueleze moja baada ya jingine.

SEMINA NI NINI

Semina ya idara ya hisabati, popote duniani, huenda kwa namna moja. Siku moja ya juma, saa iliyokwisha kujulikana, watu wa idara hukusanyika: maprofesa, walimu wasaidizi, na wanafunzi wanaotafuta shahada za juu. Mmoja wao, au mgeni kutoka chuo kingine, husimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Hana mashine, hana maabara. Kwanza hueleza maana ya kila neno atakalolitumia, ili asije mtu akasema baadaye kwamba alidhani jingine. Kisha hutaja jambo analodai kuwa ni kweli. Halafu huanza kulithibitisha hatua kwa hatua, kila hatua ikiegemea ile iliyotangulia, kama mwashi apangavyo matofali.

Waliokaa hawakuja kupiga makofi. Yeyote kati yao anaweza kuinua mkono katika mstari wa pili na kusema: hapo sikuelewa, umetoka wapi ukafika hapo? Msemaji sharti ajibu. Akishindwa, kazi yake inarudi kutengenezwa upya, hata kama msemaji ni profesa mwenye mvi na muulizaji ni kijana aliyeanza utafiti mwaka huo.

Huko Moscow mwanahisabati Israel Gelfand aliendesha semina ya namna hiyo tangu 1943, kila Jumatatu jioni, kwa zaidi ya miaka 40. Wanafunzi wa sekondari waliruhusiwa kukaa chumba kimoja na wakubwa wa sayansi wa nchi ile. Gelfand alikuwa na desturi ya kumkatiza msemaji katikati ya maneno, akamwinua kijana aliyekaa nyuma na kumtaka aeleze alichoelewa. Kijana akishindwa, msemaji alirudi nyuma na kueleza upya. Desturi hiyo ilikuwa kali, na wasemaji wengi walitokwa na jasho. Lakini ilifundisha jambo moja: mwenye kusema ndiye mwenye deni la kueleweka.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Ni mikutano mingapi ya kazini ambamo mtu wa chini anaweza kumwambia mkubwa "thibitisha", na mkubwa akalazimika kuthibitisha? Tunaletewa namba kila siku: kiwango cha kilo za majani ya chai kwa siku, asilimia ya makato, idadi ya vipande kwa zamu. Tunaambiwa ndivyo ilivyo. Kima cha chini cha mshahara wa nchi yetu kiliwekwa mwaka 1988: franka 160 kwa siku katika Bujumbura na Gitega, na franka 105 kwingineko. Namba hiyo ilikaa bila kuguswa zaidi ya miaka 30, huku bei ya kila kitu ikipanda. Ilikaa hivyo kwa sababu namba ikishaandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, watu huiogopa. Mtu aliyezoea semina haogopi namba. Huiuliza: umezaliwa lini, na nani wazazi wako?

KUJARIBU MARA NYINGI HAKUTOSHI

Pengine ndugu msomaji atasema: haya ni maneno matupu, tupeni mfano. Basi tushike kalamu na karatasi.

Iko namba inayoitwa namba tasa. Ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa. 13 ni tasa. 15 si tasa, kwa maana ni 3 mara 5. Sasa chukua namba yoyote ndogo. Izidishe kwa yenyewe, ujumlishe namba ile ile, kisha uongeze 41. Ukianza na 1 utapata 43. Ukianza na 2 utapata 47. Ukianza na 3 utapata 53, na ukianza na 4 utapata 61. Zote ni tasa. Endelea na 5, na 10, na 20, na 30. Kila mara jibu ni namba tasa. Leonhard Euler, mwanahisabati mkubwa wa Uswisi, aliandika juu ya namba hizi mwaka 1772. Ukianzia na sifuri ukaenda mpaka 39, umefanya majaribio 40, na hata moja halikukosa.

Msimamizi yeyote hapo angefunga daftari na kutia sahihi. Lakini jaribu 40. Mara 40 kwa 40 ni 1,600. Jumlisha 40, ni 1,640. Ongeza 41, ni 1,681. Na 1,681 ni 41 mara 41. Si tasa! Majaribio 40 yamesema ndiyo, na la 41 limesema hapana.

Wafanyakazi tunaelewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa maana tumelipia kwa vidole vyetu. Ni mara ngapi tumeambiwa kwamba mashine isiyo na kinga haina hatari, kwa sababu imefanya kazi siku 40 wala haijamkata mtu? Siku ya 41 ndiyo inayomkata. Mwanahisabati hatakubali hoja ya "haijawahi kutokea". Atataka kujua sababu inayoizuia isitokee. Kama sababu haipo, basi hakuna uthibitisho, kuna bahati tu.

Na uthibitisho wenyewe ukoje? Tuchukue vokoto. Weka kokoto 1 chini. Kando yake ongeza 3 kwa umbo la kiwiko cha mkono, utapata mraba wa 2 kwa 2, jumla 4. Zungushia tena 5 kwa umbo lile lile, utapata mraba wa 3 kwa 3, jumla 9. Ongeza 7, utapata 16. Namba hizi 1, 3, 5, 7 huitwa namba witiri. Je, ukijumlisha witiri mfululizo kuanzia 1 utapata mraba daima, au iko siku itakataa kama ile ya 41? Haitakataa, na sababu inaonekana kwa macho. Ili mraba ukue kwa safu moja, unahitaji vokoto vya ubavu mmoja, vya ubavu wa pili vilivyo sawa na vile vya kwanza, na kokoto 1 ya kona. Mbavu mbili zilizo sawa, ukiongeza moja, daima ni witiri. Na kila mraba ukikua, mbavu zake hurefuka kwa kokoto moja moja, kwa hiyo witiri inayohitajika ni ile inayofuata. Hatukuhitaji kujaribu mara milioni. Tumeona sababu, na sababu hiyo inashika kwa miraba yote, hata ile ambayo hakuna binadamu atakayeipanga.

Huo ndio uthibitisho. Kazi ya semina ni hiyo hiyo, ila vokoto vyao ni vigumu zaidi.

Wapo watakaouliza faida ya fedha. Hatutaki kuwadanganya wenzetu: hisabati safi, yaani ile isiyochanganywa na haja ya leo leo, haitashusha bei ya mchele wala mafuta ya mawese. Mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy, mwaka 1940, aliandika kwa fahari kwamba kazi yake haikuwa na matumizi yoyote, na namba tasa alizihesabu miongoni mwa vitu visivyo na matumizi. Mwaka 1977 watu watatu huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walionyesha jinsi ya kufunga siri kwa kutumia namba tasa kubwa mbili zilizozidishwa pamoja. Kufuli za namna hiyo zikaja kulinda benki na mitandao ulimwenguni kote. Faida ilikuja, lakini haikuja kwa kuitwa. Anayepanda mchikichi hamwambii uzae kesho.

WAFUMAJI WALIOJENGA SEMINA YAO

Jambo jingine tunalotaka lijulikane ni hili: mtu asifikiri kwamba semina ya hisabati ilikuwa siku zote mali ya wenye shahada. Mwaka 1717, katika mtaa wa Spitalfields mjini London, kiliundwa chama cha hisabati ambacho wanachama wake wengi walikuwa wafumaji wa hariri. Walifanya kazi kwenye vitanda vya kufumia, na jioni ya Jumamosi walikutana katika nyumba ya pombe, kila mmoja na kiko chake, na kikombe chake, na fumbo lake la hesabu. Idadi ya wanachama waliiwekea kikomo, na kikomo chenyewe kikawa namba ya mraba, kama 49 au 64, kwa kupenda kwao hesabu.

Sheria yao moja inafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya sendika. Mwanachama akiulizwa swali la hesabu na mwenzake, ilikuwa wajibu wake kumweleza kwa namna iliyo wazi na nyepesi kadiri awezavyo. Akikataa, alitozwa faini. Katika chama kile elimu haikuwa pambo la mtu. Ilikuwa deni kwa mwenzake.

Mfumaji mmoja wa mtaa ule, Thomas Simpson, aliyejifundisha mwenyewe, alifuma mchana na kufundisha hesabu jioni. Mwaka 1743 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Kanuni inayoitwa kwa jina lake hutumiwa mpaka leo kupimia eneo lenye kingo zilizopinda, na wanafunzi wetu wa uhandisi huifundishwa. Chama chenyewe kilidumu zaidi ya miaka 120, na mwaka 1845 kikajiunga na chama cha wanaastronomia cha Uingereza.

Tunawakumbusha hasa wale waliofuma nguo katika kiwanda cha COTEBU, na wale waliokuja baada yao: wenzenu wa kazi ile ile walikuwa na semina yao miaka 300 iliyopita. Hawakungoja kualikwa.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Wengine husema: kama ni chaki na ubao tu, basi mtu akae nyumbani kwake afikiri peke yake, kwa nini alipwe kukutana na wenzake? Hapo ndipo penye kosa. Hisabati ni sayansi ya bei nafuu kuliko zote, lakini iko kitu kimoja isichoweza kukikosa, nacho ni watu wa kuzungumza nao.

Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Jhang, katika nchi iliyokuja kuwa Pakistan. Alisoma Cambridge, na mwaka 1951 alirudi kufundisha Lahore. Alikuwa na akili, alikuwa na kazi, alikuwa kwao. Lakini hakuwa na mtu wa kumweleza alichofikiri wala wa kumwambia kwamba hapo umekosea. Makala mpya zilimfikia zimechelewa. Mwaka 1954 aliona hana budi kurudi Uingereza, na jambo hilo lilimuuma. Miaka kumi baadaye, mwaka 1964, alianzisha kituo cha fizikia na hisabati huko Trieste, Italia, kwa kusudi moja: msomi wa nchi maskini apate kwenda kukaa na wenzake miezi michache, asikilize na kusikilizwa, kisha arudi kwao bila kulazimika kuhama nchi. Mwaka 1979 Salam alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lakini sisi tunaona tunda lake kubwa ni lile la Trieste.

Na hapa kwetu? Chuo chetu kilianza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, na tangu 1977 kinaitwa Chuo Kikuu cha Burundi. Hapana mtu awezaye kusema kwamba hisabati ya kweli haikutoka humo. Juma Shabani, mwalimu wa hisabati wa chuo hicho, mwaka 1987 alitoa makala pamoja na Antoine wa Ubelgiji na Gesztesy wa Austria, na mwaka 1988 akatoa nyingine peke yake katika jarida la kimataifa la fizikia ya hisabati. Jambo aliloliuliza lilikuwa hivi: kijipande kidogo sana cha maada kitakwendaje, ikiwa nguvu inayokisukuma iko juu ya ngozi ya tufe tu, tena tufe ndani ya tufe, mfano wa maganda ya kitunguu? Jibu lilitakiwa lithibitishwe, halikutakiwa kubahatishwa. Na watafiti wa nchi nyingine wameendelea kuitumia kazi hiyo. Baadaye alifanya kazi UNESCO, na akarejea kuongoza shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Burundi.

Tazama ndugu msomaji jinsi kazi ile ilivyopatikana. Ilipatikana kwa sababu Bujumbura ilikuwa na mtu, na mtu yule alikuwa na wenzake wa kuzungumza nao, wa karibu na wa mbali. Ondoa mazungumzo, na akili ile ile ingekauka kama mche usiomwagiwa maji.

Nchi yetu inajua maana ya kukauka huko. Mwaka 1972 walimu na wanafunzi wengi waliuawa. Vita vilivyoanza 1993 viliingia mpaka katika mabweni, na mwezi Juni 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya chuo cha Mutanga. Mwaka 2015 Chuo kilifungwa na wanafunzi wakatoka mabwenini na mizigo yao. Kila mara jengo lilibaki. Kilichovunjika ni duara la watu waliojua kuulizana, na duara hilo halijengwi kwa saruji. Mtu mmoja akiondoka, huondoka na maswali aliyokuwa amezoea kuwauliza wenzake.

Tena iko njia nyingine ya kulivunja, nayo ni ya kimya kimya. Mwalimu ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi hukimbilia kufundisha chuo cha pili na cha tatu. Asubuhi yuko Mutanga, mchana yuko kwingine, jioni kwingine tena. Saa ya semina ikifika, yuko barabarani. Sisi tunaofanya zamu mbili ili watoto wasome tunamwelewa vizuri. Naye ni mfanyakazi kama sisi, na anayenyimwa saa ya kufikiri amenyimwa chombo cha kazi, sawa na fundi aliyenyang'anywa patasi. Tukidai saa nane za kazi, tunadai pia saa zinazobaki ziwe za binadamu kamili, anayepumzika na anayejifunza. Hatuwezi kudai hivyo kwa ajili yetu halafu tukamcheka mwenzetu anapodai vivyo hivyo.

ELIMU NAYO INASAFIRISHWA IKIWA GHAFI

Kahawa yetu tunaivuna, tunaiosha, tunaikausha, kisha inapanda lori ikiwa bado ghafi kwenda kukaangwa kwa watu. Chai yetu ya Teza na Rwegura nayo husafiri kwenye magunia. Basi na akili za watoto wetu ndivyo zinavyosafiri. Kijana mwenye kipaji cha hesabu huondoka, na huko aendako ndiko kipaji chake kinakokaangwa na kutiwa chapa.

Uko mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, upande wa Kongo. Mfupa huo, unaokadiriwa kuwa wa miaka 20,000 hivi, una alama zilizochanjwa kwa mafungu. Katika safu moja mafungu ni 11, 13, 17 na 19. Ndugu aliyefuata mfano wetu wa juu atazitambua: ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu bado wanabishana kama mchanjaji alikusudia hivyo au la, nasi hatutaamua kwa ajili yao. Tunachosema ni kwamba mtu aliyeishi katika nchi hizi za maziwa alikaa chini na kuhesabu kwa makini, na kwamba mfupa wake uko Brussels.

Majirani zetu wameanza kutengeneza dawa ya jambo hili. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kilianzishwa mwaka 1966. Mwaka 2002 vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam viliungana katika mpango wa hisabati wa Afrika Mashariki, kwa msaada kutoka Sweden, na baadaye Rwanda na Zambia wakaingia. Wanafundishana, wanatembeleana, wanaendesha shule za muda kwa wanafunzi wa utafiti. Barabara ya kutoka Bujumbura mpaka Dar es Salaam tunaijua kwa malori ya mizigo. Ipitishe na mazungumzo ya ubaoni.

LUGHA ISIWE KOMEO LA MLANGO

Tukifika mlangoni tutakuta komeo, nalo ni lugha. Semina huendeshwa kwa Kifaransa, na makala husomwa kwa Kiingereza. Hatuna ugomvi na lugha hizo kati ya wataalamu, kwa maana mgeni wa mbali sharti aelewe. Lakini asitokee mtu akatuambia kwamba hisabati haisemeki kwa Kiswahili.

Tanzania imefundisha hesabu za shule za msingi kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Maneno yapo, na ni maneno mazuri. Namba tasa tumekwisha kuiona: ni ile isiyozaliwa na namba nyingine mbili ndogo kuliko yenyewe. Namba witiri na namba shufwa zimetoka katika maneno ya kale ambayo waumini wa Buyenzi wanayajua kwa sala. Mlinganyo ni pande mbili zilizowekwa sawa kama mizani ya sokoni. Pembetatu, kipenyo, kipeo, seti, yote haya mtoto wa Kigoma huyasikia darasani, na Kigoma iko ufukoni mwa ziwa hili hili. Lugha iliyoweza kuendesha bandari, soko na mkutano wa sendika haishindwi kueleza kwa nini miraba ya vokoto haikosei.

Wala tusijidharau kwa kusema kwamba hatutaelewa. Sheria ya kazi ya 1993, na ile iliyoirekebisha mwaka 2020, hatukuielewa siku ya kwanza. Tuliketi, tukasoma kifungu kimoja, tukauliza, tukarudia. Leo wapo wachuma chai wanaoijua kuliko karani. Asiyeuliza hana ajifunzalo.

TUNATAKA NINI

Kwa hiyo basi, mapendekezo yetu ni manne.

Kwanza, idara ya hisabati itoe mazungumzo mara moja kwa mwezi, kwa Kiswahili au Kirundi, wazi kwa mtu yeyote. Yafanyike Jumamosi alasiri, zamu zikiwa zimekwisha, na yafanyike Rohero. Tunasema Rohero kwa sababu ni katikati ya mji, na hata baada ya soko kuu lililokuwa hapo kuungua Januari 2013, watu wa Kamenge, Kinama, Bwiza na Kanyosha bado huteremkia huko. Msemaji achague uthibitisho mmoja tu, na asiondoke mpaka ueleweke.

Pili, saa za semina zihesabiwe katika saa za kazi za walimu wa Chuo, na sendika zetu ziunge mkono dai hilo litakapoletwa mezani. Wao nao watuunge mkono tunapodai kuonyeshwa hesabu zilizozaa viwango vyetu vya kazi. Huko ndiko kusaidiana.

Tatu, kila kamati ya kiwanda na ya shamba ichague watu wawili wa kuhudhuria, mmoja awe kijana. Wale wa mbali, wa miwa ya Moso na wa michikichi ya Rumonge, tusiwaambie waje Bujumbura kila mwezi. Tudai wasemaji wawafuate huko mara moja kwa mwaka. Chaki haina uzito wa kushinda gari.

Nne, kila wawili watakaohudhuria warudi kueleza walichosikia mbele ya wenzao, na wakubali kuulizwa. Hapo tutafuata sheria ya wale wafumaji: atakayekataa kueleza atozwe faini, nayo iende katika mfuko wa wagonjwa.

Wenye shaka watasema kwamba hospitali hazina dawa, na kwamba hizi ni anasa. Tumekwisha kusema gharama yake: ubao, chaki, chumba ambacho kipo tayari, na saa chache za watu ambao tayari wako kazini. Hakuna sanduku la dawa litakalopungua kwa sababu hiyo. Bali watu waliozoea kuuliza "umetoka wapi ukafika hapo" ndio watakaouliza sanduku la dawa lilipotelea njia gani.

Walimu wa Chuo, tunajua mnausoma ukurasa huu, kwa maana watoto wenu na wetu hukaa madawati mamoja. Chagueni Jumamosi na mtupe taarifa. Nasi, ndugu wafanyakazi, siku hiyo ikitangazwa tusiende kujaza viti na kupiga makofi. Twende na kalamu. Na msemaji atakapofika mstari wa pili, wa kwanza kuinua mkono awe mmoja wetu.